Taa ya kuchaji ilikuwa inachemka na kuzima haraka, nimeitatua hivi

Taa yangu ya kazi, ile yenye sumaku ya kubandika chini ya boneti, ilikuwa inachemka balaa ikiwa kwenye chaji halafu ukiiwasha haimalizi hata kubadili brekipedi. Nikaifungua, ndani kuna betri ya 18650 (saizi ya betri ya lithiamu ya duara) imeandikwa mAh 9900, yaani kiasi cha chaji inachobeba, uongo mtupu, saizi hiyo hata orijino haivuki sana 3500. Nikatafuta ya 2600 ya ukweli yenye kinga ya chaji kuzidi (ni ndefu kidogo ila ilikaa), nikacheki chanya na hasi, nikafunga, sasa imetulia. Ya zamani nikaziba ncha kwa selotepu nikampa jamaa wa betri chakavu, lithiamu ikitobolewa inawaka. Taa naichaji sakafuni, imezimwa, sio kitandani. Na kwenye mvuke wa petroli usiisogeze kabisa, swichi inaweza kutoa cheche.