Fuwele za protini: tone dogo, mambo mengi

Mnaoanza kukuza fuwele za protini, anzeni na laisozaimu ya ute wa yai la kuku. Ndicho kimeng'enya cha kwanza ambacho umbo lake lilijulikana kwa eksirei, London, mwaka 1965, na kwa maoni yangu bado hakuna mwalimu anayekizidi.

Yeyusha miligramu 50 za laisozaimu kwa kila mililita ya bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi) ya sodiamu asetati, pH 4.6, kisha zungusha kwenye sentrifuji ili vumbi na chembe zilizogandamana zitue chini. Kwenye kisima, yaani kishimo cha trei ya kukuzia, weka maikrolita 500 za bafa hiyohiyo yenye chumvi ya kawaida asilimia 6. Changanya maikrolita 2 za protini na 2 za kisima juu ya kioo chembamba, kigeuze juu ya kisima ili tone lining'inie, ziba ukingo kwa grisi. Upenyo mdogo tu kwenye grisi na tone litakauka.

Ukiona utitiri wa fuwele ndogondogo, chumvi imezidi. Shuka hadi asilimia 5. Na usishangilie kila kinachong'aa! Fuwele ya chumvi ni ngumu ukiigusa kwa sindano, ya protini husagika kirahisi kwa sababu ina maji mengi ndani.

Maji hayo ndiyo huharibu kazi wakati wa kugandisha fuwele kwa ajili ya picha za eksirei: yakiwa barafu, picha hujaa pete. Kabla ya kuigandisha fuwele kwa nitrojeni kiowevu, ipitishe kwenye gliseroli asilimia 25, inayozuia barafu. Lakini tengeneza mchanganyiko huo upya, chumvi ikibaki ileile. Ukimimina gliseroli juu ya maji ya kisima, chumvi hupungua na fuwele huanza kuyeyuka.