Siku Moja Mtwara, na Barua ya Kuomba Uzamili

Saa 10 alfajiri niliamshwa na joto kabla ya adhana. Nyumba ya mama, hapa Chikongola, ina bati lisilo na dari na kuta za matofali ya saruji ambazo, zikishapigwa jua mchana kutwa, hulirudisha joto chumbani usiku kucha. Niliwasha tochi ya simu, nikasoma kipimajoto nilichokitundika ukutani na kuandika daftarini: nyuzi 29. Hii ni wiki ya tatu ya kuandika tarakimu hizo, na bila daftari hilo nisingekuwa na la maana la kusema katika barua ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya ubunifu majengo, barua ambayo mwisho wa kuipokea ulikuwa leo saa 6 usiku.

Saa 2 asubuhi, katika ofisi ya ubunifu majengo ninakofanya kazi, alikuja mteja na ramani ya nyumba aliyoitoa intaneti: paa limefichwa nyuma ya ukuta, baraza hakuna, na vyumba vyote vya kulala vina vioo vipana vinavyotazama magharibi. Nilimweleza kwamba Mtwara ipo takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kusini mwezi kama huu wa Novemba na upande wa kaskazini mwezi Juni, na kwamba yote mawili huzuilika kwa paa lililochomoza vya kutosha, lakini jua la jioni huja chini chini likaingia moja kwa moja dirishani. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, wewe nichoree kama ilivyo, joto tutaweka feni." Sikuwa na jibu. Kanuni ninazo, nilifundishwa chuoni. Nilichokosa ni vipimo vya nyumba za hapa hapa, vya kumwekea mezani mtu anayetaka kutumia akiba yake yote.

Saa 4 nilipanda daladala kwenda Mikindani, ambako tunakarabati nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, si mbali na Boma ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Miaka ya nyuma mtu aliipiga nyumba hii lipu ya saruji, bila shaka akidhani anaiimarisha, na sasa lipu inabanduka vipande vipande kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi hujikusanya nyuma yake na kuisukuma, ilhali chokaa ya asili huuacha ukuta upumue. Fundi mwashi wetu ni mzee anayeniita injinia, na nimekwisha kuchoka kumsahihisha. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakipanga magogo na matumbawe kwenye tanuri, wakachoma, wakamwagia maji, kisha wakaiacha chokaa itulie muda mrefu kabla ya kuitumia. Nilimuuliza kama leo tungeweza kufanya vivyo hivyo. Alicheka, akaonyesha baharini: matumbawe yakichomwa, samaki watakaa wapi? Hili ni swali la utafiti hasa, yaani kupata chokaa ya mawe ya nchi kavu yenye tabia ileile, na ofisini kwetu hakuna anayelipwa kulifikiria. Kabla ya kuondoka nilipima: uani nyuzi 33, ndani, nyuma ya kuta nene kama urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, nyuzi 28.

Saa 9 mchana mjomba alinipigia kutoka Newala. Sisi ni Wamakonde, na kwetu mjomba ana kauli. Tena korosho zake ndizo zilizonilipia ada hadi nikawa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuvaa joho. Baada ya shikamoo na marahaba aliingia moja kwa moja: chuo nimemaliza, mdogo wangu anasubiri mahitaji ya shule ya kidato cha tano, fedha za mnada wa korosho bado hazijaingia, sasa chuo tena cha nini? Sikumdanganya kwamba Bodi ya usajili wa wabunifu majengo inaidai shahada hiyo, kwa kuwa haiidai. Inataka uzoefu chini ya mbunifu aliyesajiliwa, pamoja na mitihani. Nilimwambia kwamba naomba ufadhili, na bila ufadhili siendi, kisha nikamsomea tarakimu za daftari, za Mikindani na za chumbani kwangu. Alinyamaza kidogo. "Kumbe nyumba ya dada yangu inamchoma," akasema. "Basi hiyo digrii ianzie hapo."

Saa 2 usiku nilifungua barua niliyoiandika wiki iliyopita na kuifuta karibu yote, maana aya ya kwanza ilizungumzia ndoto za utotoni na ya pili kuchangia maendeleo ya taifa, maneno ambayo mwombaji wa fani yoyote angeweza kuyatia saini. Nilianza upya kwa nyuzi 29 za alfajiri, nikafuata na mteja wa feni, lipu inayobanduka na tanuri lisilofaa kuwashwa tena. Mtandao ulikatika mara mbili. Barua iliondoka saa 5 na dakika 40.

Nilipima kwa mara ya mwisho: nyuzi 31. Nikabeba mkeka na mto, nikatoka kwenda barazani, ambako mama alikuwa amekwisha kulala.