Alasiri Moja Kazinga Pamoja na Watazamaji wa Ndege

Mjomba wangu alivua samaki katika Ziwa Edward kwa zaidi ya miaka 30, akitokea Kyavinyonge upande wa Congo, lakini hakuwahi hata siku moja kuingia katika Mfereji wa Kazinga, ule wa Uganda unaoliunganisha ziwa hilo na Ziwa George. Sehemu kubwa ya Ziwa Edward iko Congo, na wavuvi wa kule walijua vizuri mahali maji ya Uganda yanapoanza, kwa sababu kuvuka mpaka huo usioonekana kuliweza kumgharimu mtu nyavu, mtumbwi na siku kadhaa kizuizini. Kwa hiyo yeye na wenzake waliutazama mlango wa mfereji kwa mbali tu, na wakasimuliana kwamba huko ndani viboko ni wengi kuliko mawe. Alipokuja kututembelea Kasese mwezi wa nane, akipitia mpakani Mpondwe, nilimuuliza angependa kuona nini kabla hajarudi. Akanijibu, "Mama, nipeleke Kazinga." Wasomaji wa Uganda wasishangae: kwao Congo mjomba humwita mpwa wake wa kike "mama", na neno hilo limebeba mapenzi na heshima kwa pamoja.

Nilikata tiketi nne majuma matatu kabla ya safari, kwa ajili yake, kwangu mimi na kwa watoto wangu wawili. Nilichagua boti ya saa nane mchana, kwa kuwa jua likishapanda sana tembo na nyati huteremka kunywa maji na kujipaka matope. Hakuna aliyeniambia jambo lolote zaidi ya saa ya kufika gatini.

Tulipofika Mweya, kwenye gati la boti za mfereji ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, tulikuta watu 26 wamevaa fulana za kijani zinazofanana, wengi wao Wakenya na wachache kutoka Kampala, kila mmoja akiwa na darubini shingoni na baadhi yao wakiwa na zile darubini kubwa za kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Walikuwa chama cha watazamaji wa ndege. Boti yenyewe ilikuwa ya ghorofa mbili na viti visivyozidi 40. Wao walikuwa wamekwisha kupanda, wakajaza ghorofa yote ya juu pamoja na viti vya mbele chini, na sisi wanne, pamoja na wenzi wawili wa makamo kutoka Mbarara, tukabakiwa na viti vya nyuma karibu na injini. Kiongozi wao, kijana mpole mwenye daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa akizungumza na nahodha, na nikasikia wakikubaliana kwamba boti iende polepole, iwe karibu na ukingo, na isimame kila atakapoinua mkono.

Ninataka kueleweka vizuri hapa. Sina ugomvi na watu wanaopenda ndege. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege katika nchi isiyo kubwa, na zaidi ya aina 600 kati ya hizo zimeonekana ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth peke yake, kwa hiyo mtu anayesafiri kutoka Nairobi kwa basi ili awaone ana sababu nzuri kuliko wengi wetu tunaoishi saa moja kutoka hapo na hatuendi. Jambo lililonigusa ni kwamba boti niliyoilipia ilikuwa imekwisha kupewa kazi nyingine kabla sijapanda, na aliyeniuzia tiketi alilijua hilo.

Mdogo wangu hufanya kazi ya kutandika vyumba katika meli ya kitalii baharini, na nilipomsimulia habari hii kwa simu alisema kwamba kwao hilo ni jambo la kila mwezi. Kuna makundi ya wapenda muziki wa aina fulani, kuna wanaofuma sweta, kuna wacheza dansi, kuna koo nzima zinazokutana baharini baada ya miaka mingi. Meli kubwa za Royal Caribbean za aina ya Oasis hubeba abiria zaidi ya 5,000, na humo kundi la watu 300 huweza kumezwa kabisa, ukaliona kwenye lifti tu, wote wamevaa kofia moja. Hata hivyo, alisema, wafanyakazi huonywa mapema, kwa sababu watu wa kundi moja hutoka katika ukumbi wao kwa dakika moja, wakaona njaa kwa dakika moja, wakataka lifti kwa dakika moja. Abiria wa kawaida 300 hutawanyika wenyewe kama nafaka juu ya mkeka. Watu 300 wenye hamu moja hutembea kama mtu mmoja mkubwa. Maneno hayo aliyasema kwa habari ya chakula, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuyaona kwa macho yangu siku ile Kazinga, kwa habari ya jambo zito zaidi.

Saa ya kwanza ilipita katika ukimya ambao sikuuzoea. Boti ilikwenda taratibu kando ya ukingo, na kila baada ya dakika chache mkono wa yule kijana uliinuka, injini ikashuka sauti, na darubini zote zikageukia mahali pamoja. Nilimwona mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe akisimama hewani, mabawa yakipiga kwa kasi huku kichwa kikiwa kimetulia kabisa, kisha akajitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki mdogo mdomoni. Niliona matundu ya viota vyao, kumi au zaidi, yamechimbwa katika ukuta wa udongo wa ukingo. Nakiri kwamba kama tungepanda boti nyingine ningepita pale bila kuyaona matundu hayo. Mwari, mnandi, furukombe na nyangenyange waliandikwa katika daftari mmoja baada ya mwingine, na binti yangu wa miaka tisa akaanza naye kuandika nyuma ya risiti yetu.

Mwanangu wa miaka mitano hakuwa na subira hiyo. Tembo walipotokea, majike wanne na watoto wawili wakiteremka mwinamo wa udongo mwekundu, alipiga kelele ya furaha, na kutoka juu zikashuka sauti tatu au nne kwa pamoja: "Shhh!" Mtoto alinyamaza akanitazama mimi, akidhani amekosa. Hapo ndipo hasira ilinishika. Boti ilikaa mbele ya wale tembo kwa muda mfupi kuliko ilivyokaa mbele ya ndege mmoja wa kahawia ambaye hata kiongozi wao hakuwa na hakika naye, kisha ikaondoka. Yule bwana wa Mbarara alitikisa kichwa tu. Mjomba wangu hakusema neno. Tangu tulipoondoka gatini alikuwa akitazama viboko, na viboko peke yao, bila kutabasamu, kwa jinsi mtu anavyomtazama jirani aliyewahi kumdhulumu. Mara mbili katika maisha yake viboko walimpindulia mtumbwi usiku, saa ambazo wao huacha maji kwenda malishoni na wavuvi hukutana nao njiani.

Tulikuwa tumekaribia mahali mfereji unapofungukia ziwani, kwenye fungu la mchanga lililojitokeza majini, wakati kundi lile lilipoona walichokuja kukitafuta. Walikuwa ndege weusi juu na weupe chini, wenye midomo ya rangi ya chungwa ambayo sehemu ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Ndege hao huvua kwa kuruka chini kabisa juu ya maji wakiwa wamefungua mdomo, ile sehemu ya chini ikikata maji kama kisu kinavyokata kitambaa, na ikigusa samaki mdomo hujifunga. Mmoja alipita karibu nasi hivyo, akiacha mstari mwembamba nyuma yake uliodumu kidogo ukafutika. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona siku ile, nami nalisema bila kusita.

Ndege wale walikuwa upande wa kushoto. Watu wote waliokuwa juu waliinuka pamoja wakaenda kushoto, na wale wa viti vya mbele chini wakafanya vivyo hivyo. Sikusikia kitu, nilikihisi kwanza katika miguu, kisha nikaiona chupa ya maji ya mwanangu ikibingirika sakafuni polepole kutoka upande wa kulia hadi ikagonga ukingo wa kushoto. Mjomba alikuwa amekwisha kusimama. Aliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu wa majini: "Kaeni chini! Rudini kila mtu mahali pake! Msilalie upande mmoja!" Baharia wa boti akayarudia maneno hayo kwa Kiingereza na kwa Kiganda huku akipanda ngazi mbio. Wakarudi. Boti ikanyooka. Jambo lote halikuchukua muda wa kusema Baba Yetu, na huenda nahodha angesema kwamba hapakuwa na hatari yoyote. Mjomba hakukubaliana na hilo, wala mimi.

Mzigo ulio juu huyumbisha chombo kuliko mzigo ule ule ukiwa chini, na watu ni mzigo unaohama wenyewe. Sisi wa maziwa haya tumefundishwa somo hilo kwa gharama kubwa mno. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Tanzania, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama upande wetu wa ziwa hilo hilo, Mukono, ikiwa imejaa watu waliotoka pamoja kwenda kufurahi, na zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Boti ile haikuwa na leseni na ilibeba watu kupita kiasi. Boti yetu ya Kazinga ilikuwa na leseni, na kila mmoja wetu alikuwa amevaa jaketi la kujiokolea, wala siilinganishi na hizo. Ninachosema ni kwamba kundi lenye shabaha moja ni aina yake ya abiria, na anayeliuzia nafasi anapaswa kulifikiria hivyo tangu siku ya kuuza: alikalishe pande zote mbili, ghorofa zote mbili, na alieleze kabla ya kung'oa nanga kwamba kitakachoonekana kushoto kitatazamwa kutoka kulia pia, kwa sababu nahodha atageuza boti.

Na ndivyo hasa nahodha alivyofanya baada ya pale. Aliizungusha boti taratibu ili kila upande upate zamu yake, na ndege wale hawakuondoka. Kiongozi wa kundi alishuka akaja mpaka kwenye viti vyetu. Alimwinamia mjomba akasema, "Mzee wangu, tusamehe. Tulijisahau." Mjomba akamjibu kwamba majini hakuna kujisahau, lakini akampa mkono. Kisha kijana yule akamwuliza mwanangu kama tembo wale walikuwa wanne au sita, na mtoto, ambaye alikuwa amewahesabu vizuri, akamjibu kwamba ni sita, wakubwa wanne na wadogo wawili. Kijana akafungua daftari akaandika. Aliwaomba wenzake wawili washuke ili watoto wangu wapande juu wakakae na mama mmoja Mkenya, na yule mama akamvalisha binti yangu darubini yake mwenyewe, akifupisha ukanda wake kwa fundo. Kwa muda uliobaki tembo na nyati nao walisimamiwa kama walivyosimamiwa ndege. Kumbe ilikuwa inawezekana tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kutukutanisha gatini kwa dakika tano, sisi sita na wao 26, na kuuliza kila upande umekuja kwa ajili ya nini.

Juma lililofuata nilipiga simu kwa wale walioniuzia tiketi. Mwanamke aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akasema kwamba hairuhusiwi kuwataja wateja wengine. Nilimweleza kwamba sikuhitaji jina la mtu yeyote; nilihitaji kuambiwa tu kwamba safari ya saa nane ina kundi la watu 26 waliokuja kutazama ndege, nami ningeweza kuchagua safari nyingine, au kuchagua ile ile nikijua ninachokwenda kukipata. Na kwa kweli nadhani ningeichagua ile ile, na ningemwambia mwanangu mapema kwamba leo tutanong'ona. Aliahidi kulifikisha jambo hilo kwa wakubwa wake. Mdogo wangu yuko likizo mwezi wa kumi na mbili na tunataka kurudi. Safari hii nitauliza mwenyewe kuna kundi gani na la watu wangapi, kabla sijatoa pesa.

Mjomba alirudi kwao Jumamosi. Asubuhi hiyo, kabla ya kumpeleka mpakani, aliniomba nimsafishie picha dukani, azipeleke Kyavinyonge. Nilimfungulia simu achague, nikijua kwamba picha nzuri zaidi ni za tembo na ya yule ndege anayekata maji. Alizipita zote kwa kidole, akasimama kwenye picha moja yenye ukungu kidogo, ya viboko kama ishirini wamelala kwenye maji ya kina kifupi mchana kweupe, migongo yao ikikauka juani. Alitaka nakala tatu, moja yake na mbili za wavuvi wenzake waliobaki.