Siku Moja Maishani Mwangu: Kifundo cha Mchezaji Mezani

Saa kumi na moja alfajiri. Githurai, pembezoni mwa Nairobi, bado giza, lakini makanga wameshaanza kuita abiria. Nimekaa dirishani mwa matatu nikipitia kichwani vifaa vya operesheni ya kwanza: kifundo cha mguu wa kulia, mchezaji wa raga.

Saa moja kasorobo nikamkuta wodini akiutazama mguu wake. "Sista, kwani lazima mkate?" Ana haki ya kuuliza. Kuteguka kwingi hupona bila kisu, kwa bendeji na mazoezi ya misuli na ya kusimama kwa mguu mmoja. Yeye amefanya mazoezi hayo miezi sita, na bado mguu unamgeukia hata akitembea kwenye lami. Kinachoniuma ni kwamba alipoumia mara ya kwanza aliambiwa "umeteguka tu", akachuliwa, na Jumamosi iliyofuata akarudishwa uwanjani.

Saa mbili na nusu ganzi ya mgongoni ilikuwa imeshika. Tukafunga mkanda wa kuzuia damu pajani, tukaweka shuka lililokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie. Kisigino kikilala mezani kinausukuma mguu mbele, na ligamenti, yaani utepe unaofunga mfupa kwa mfupa, itashonwa ikiwa imelegea. Daktari alichungulia kwanza ndani ya kiungo kwa kamera. Gegedu linalofunika ncha za mifupa ni zima! Nikashusha pumzi.

Kisha mkato mdogo mbele ya ncha ya mfupa wa nje. Ligamenti ya mbele, ile inayoumia kuliko zote, ilikuwa imelegea kama mpira wa soksi kuukuu. Njia tunayoifuata ilielezwa na daktari Broström wa Uswidi mwaka 1966: ligamenti ya mgonjwa mwenyewe inafupishwa na kurudishiwa mfupani. Mwaka 1980 daktari Gould wa Marekani akaongeza kuvuta utando wa jirani na kuushonea juu yake.

"Shika hapo, usilegeze." Nikaushika mguu, vidole vikitazama juu, unyayo umegeukia nje kidogo. Ukishuka wakati fundo la uzi linafungwa, kazi yote imeharibika. Mkono uliniwaka moto, lakini sikuusogeza mpaka uzi wa mwisho ulipokatwa.

Saa sita tulikuwa tumemaliza goti moja na kiwiko. Tulipohesabu, sindano na vitambaa vyote vilitimia.

Saa tisa mama yake alifika kutoka Kawangware na thamosi ya uji. "Mwanangu atacheza lini?" Nikamwambia: Mama, wiki mbili za kwanza ni plasta na mikongojo, mguu juu ya mito. Baadaye buti maalumu na mazoezi. Uwanjani ni miezi mitatu, minne, pengine zaidi, na asirudi kabla hajaweza kuruka kwa mguu huu sawasawa na ule mwingine.

Akamgeukia mwanawe. "Umesikia, baba?"

Nikamwomba achezeshe vidole. Vikacheza. Nikamgusa juu ya mguu, ambako neva hupita karibu na mkato.

"Unasikia?"

"Nasikia, sista."

Nikaandika kwenye faili, nikamsogezea mto.