Nyumba yako, ardhi ya nani?

Kila nikisema bado napanga naambiwa "jenga bwana, unamtajirisha mwenye nyumba". Sawa, kulipa miezi sita kwa mkupuo hapa Dar kunauma, sibishi. Ila kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote Tanzania Bara ni ya umma, Rais ndo mdhamini, we unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99 na kila mwaka unalipa kodi ya ardhi, ukizembea hati inaweza kufutwa, sasa hapo na wewe si mpangaji tu, tena wa serikali? Halafu kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye Luku, ule umeme wa kulipia kabla, na Luku nanunua mimi mpangaji, loh! Kiwanja natafuta hivohivo, ila kiwe kimepimwa, vile vya kuandikishana kwa mjumbe naviogopa.