Bezaleli Hakupewa Kazi Peke Yake

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Kutoka 31:1–6, tukilisoma pamoja na Kutoka 35:30–35. Nimelichagua kwa ajili ya vijana wetu watatu ambao siku chache zijazo tutawasindikiza stendi ya Kange, wakielekea Dar es Salaam na Mbeya kuanza mwaka wa kwanza wa uhandisi, shahada ya miaka minne. Nimelichagua pia kwa ajili ya wazazi wao, kwa maana mwaka huo huwaelemea hata wanaobaki nyumbani.

Tukisikia kwamba mtu amejazwa Roho wa Mungu, mawazo yetu huenda kwa nabii au kwa mhubiri. Lakini mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema wazi kwamba Mungu amemjaza Roho ni fundi. Ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, aliyeitwa kuitengeneza hema ya kukutania kule jangwani, akapewa hekima na ujuzi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kuchonga mawe na kuchora miti. Kijana anayekwenda kujifunza jinsi mhimili unavyobeba mzigo, au jinsi umeme unavyopita katika waya, hamwachi Mungu hapa Tanga kanisani. Anamfuata mahali ambapo Mungu amekuwa akifanya kazi tangu jangwani.

Naomba mniruhusu niseme yaliyonipata mimi. Nilikwenda chuoni nikiwa nimezoea kuwa wa kwanza darasani tangu msingi hadi kidato cha sita, na bila kujua nilikuwa nimeufanya ule u-wa-kwanza kuwa sehemu ya imani yangu, kana kwamba alama nzuri ndizo ushahidi kwamba Mungu yu pamoja nami. Jaribio la kwanza la hisabati nilipata 9 kati ya 30. Mada ambayo shuleni tungeikalia majuma matatu ilikuwa imepita kwa mihadhara miwili, katika ukumbi wenye watu zaidi ya mia mbili, na hakuna aliyejua jina langu wala aliyeniuliza kama nimeelewa. Mama aliponipigia simu nilimjibu, "Salama tu, mama, masomo yanaendelea vizuri," kisha nikaenda kulia bafuni.

Nilifunga na kuomba kwa muda wa mwezi mzima. Saa nilizopiga magoti sizijutii hata moja, lakini nikizitazama leo naona kwamba nilikuwa nikimwomba Mungu aniondolee aibu, na si kwamba anifundishe. Chumba cha jirani alikuwapo dada mmoja aliyelielewa somo lile vizuri, tena mkarimu, na kila jioni nilipita mbele ya mlango wake nikiwa na daftari mkononi bila kubisha hodi. Kumwomba Mungu msaada huku tukimkwepa mtu aliyemweka karibu nasi ni jambo linalotupata wengi, na nadhani ni kiburi kilichovaa vazi la ibada.

Nilifunguliwa macho karakanani. Mwaka wa kwanza tulikuwa na hisabati, mekanika, michoro ya kihandisi na kazi za mikono, na katika kazi za mikono kila mmoja alipewa kipande cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni, akifunge kwenye jiliwa, yaani kibano cha mezani, na kukisawazisha kwa tupa mpaka uso wake uwe tambarare kabisa. Nilisugua siku mbili. Kwa macho kilikuwa kimenyooka, na kiganja kikipita juu yake hakikuhisi kasoro. Fundi wa karakana, mzee mpole, alikichukua, akaweka rula ya chuma juu yake kwa ubavu, akakiinua usawa wa dirisha na kuniambia nitazame. Katikati palikuwa peusi, lakini pande zote mbili mwanga ulipenya chini ya rula kama uzi. Nilikuwa nikiinamisha tupa kila mwanzo na kila mwisho wa msukumo, kwa hiyo nilikuwa nakula kingo na kuacha kitumbua katikati, na kadiri nilivyoongeza bidii ndivyo nilivyozidi kukiharibu.

Hakunigombeza. Alisimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, tukasukuma pamoja mara nne au tano. "Mkono wa mbele uwe mzito mwanzoni," alisema, "na wa nyuma uwe mzito mwishoni." Kwa dakika kumi nilipata kile ambacho siku mbili za jasho la peke yangu hazikunipa.

Usiku ule nilisoma Kutoka 35 na nikakutana na mstari wa 34, ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi: kwamba Mungu alitia moyoni mwa Bezaleli nia ya kufundisha, yeye pamoja na Oholiabu mwana wa Ahisamaki, wa kabila la Dani. Aliyejazwa Roho hakuachwa afanye kazi peke yake. Alipewa mwenzake, tena wa kabila jingine, na wote wawili wakapewa moyo wa kuwafundisha wengine. Kesho yake jioni nilibisha hodi kwa yule dada. Alinikaribisha, akasogeza vitabu kitandani ili nipate pa kukaa, na nikagundua kwamba yeye naye michoro ilikuwa ikimtesa na hakuwa amemwambia mtu.

Vijana wetu, sisi wa Tanga tunayo mbele ya macho kazi inayoonyesha jinsi mwanzo unavyoweza kuwa mzito. Reli ya kutoka hapa kwenda Moshi ilianza kujengwa mwaka 1893. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha, Serikali ya Wajerumani ikaichukua mwaka 1899, na Korogwe ilifikiwa mwaka 1902. Miaka tisa, na ilikuwa imekwenda takriban robo ya njia. Miaka tisa iliyofuata ilimaliza yote iliyobaki, ikafika Moshi mwaka 1911. (Tusisahau kwamba udongo na mataruma vilibebwa na wazee wetu, wengi wao kwa kulazimishwa.) Muhula wa kwanza ukienda polepole, msihukumu safari yote kwa kipande hicho. Mkipata sapu, yaani mkifeli somo na kutakiwa kulirudia, rudini mkafanye mtihani wa marudio mkiwa mmejiandaa, na wala msisubiri hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ndipo mtafute wa kusoma naye. Ushirika wa wanafunzi mwingie tangu juma la kwanza, kabla ya shida, na fedha ya kujikimu inayokuja kwa mkupuo igawanyeni kwa majuma siku ileile mnayoipokea.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto atakapopiga simu, msianze na alama, kwa sababu mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza atawajibu kama nilivyomjibu mama yangu. Mwulizeni anasoma na nani. Mwulizeni jina la mwenzake huyo na kwao ni wapi, kisha jioni mkimwombea mwanenu, mtajeni na yule mwingine kwa jina lake.