Machozi hayajazi mizani

Leo baada ya Magharibi darsa ilikuwa ya toba, na swali likaulizwa: mwenye duka alichezea mizani, kila kilo ya sukari ikapungua gramu 50. Sasa ameitengeneza na anajuta kwelikweli. Yamekwisha?

Hayajaisha.

Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha papo hapo, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiingia haki ya mtu, linaongezeka la nne: kuirudisha.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kulia ni bure, kurudisha kunagusa mfuko.

Hesabu yenyewe: anayeuza kilo 20 kwa siku hubaki na kilo nzima ya watu. Akadirie siku zote, na akitia shaka achukue kadirio la juu. Wateja wa daftari la madeni anawajua, awalipe. Si lazima asimulie kisa chote. Aliyefariki, wapewe warithi. Wapita njia asiowajua, awatolee sadaka kwa niaba yao, na mmoja akijitokeza kudai, alipwe. Wala sadaka hiyo asiihesabu kuwa zaka yake!

Haki ya mtu si mali tu, hata heshima yake: kusengenya ndiko kugumu zaidi, kwa maoni yangu. Ukimwendea uliyemsengenya kumwomba msamaha, naye hajui, huenda ukawasha moto mpya. Baadhi ya wanazuoni wanasema mwombee dua, umtaje kwa wema palepale ulipomchafua.

Wenye maduka, mnaonaje: umrushie mteja pesa kwa simu kimyakimya, au umkabidhi mkononi?